Mimi Ndiye Niliyemsomea

Tangu tumzike mke wangu sijamsamehe Mkuu wa Jukwaa, na sidhani kama nitamsamehe. Simjui sura. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke, kama ana watoto au ana paka. Ninachokijua ni picha yake ndogo ya duara, miwani myeusi imewekwa juu ya kiti cha kukunja, na yale maandishi yake ya kuamrisha. Watu wa namna ile wako kila mahali. Mpe ufunguo wa choo tu, kesho utakuta ameweka foleni.

Lakini wacha nianze na mke wangu, maana yeye ndiye mwenye habari.

Mke wangu alikuwa anashona kola. Kola tu. Kiwanda cha sare za shule, safu ya tatu, cherehani ya nne kutoka dirishani. Huyu anashona mikono, yule mifuko, mwingine vifungo, yeye kola. Miaka tisa. Siku moja tunakunja nguo zilizotoka kamba, akashika shati langu la kazi akalitazama kama anayemtazama mgeni.

"Mume wangu, unajua sijawahi kumaliza shati hata moja? Nikiona watoto wanakwenda shule, nawatazama shingo tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na macho fulani, yakitulia juu yako unasahau ulichotaka kusema. Macho hayo ndiyo yaliyonioa, mimi nilifuata tu.

"Nataka kuigiza," akasema.

"Kuigiza nini?"

"Tamthilia. Nataka siku moja niwe mtu kamili, mwanzo mpaka mwisho. Nimechoka kuwa kipande."

Mimi ni fundi bomba. Shule niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita nilikaa nusu. Mambo ya tamthilia kwangu ni ya watu wengine. Lakini ungemwona alivyosema! Nikamwambia, basi jaribu, nani amekukataza?

Kwenye simu alikuwa ameona jukwaa la waigizaji wapya, mahali wageni wanapoulizia njia na wenyeji wanawajibu. Jumamosi ile nilikuwa nimelala chali chini ya sinki letu wenyewe, maana fundi bomba nyumbani kwake ndiko kunakovuja, naye amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, ananisomea alichoandika.

"'Habarini wakubwa. Mimi naitwa Kola, ni mgeni humu. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, kazi yangu cherehani. Sijawahi kuigiza popote, ila nikiwa peke yangu naigiza. Naombeni ushauri. Mtu kama mimi anaanzia wapi?'"

"Toa hiyo ya kuigiza peke yako," nikasema chini ya sinki. "Watadhani umechanganyikiwa."

"Hiyo ndiyo ya kweli kuliko zote."

Akaituma. Kabla sijamaliza kufunga bomba majibu yalikuwa yanaingia kama siafu. Mmoja akamwambia apunguze miaka kumi. Mwingine akamwonya asimwamini mtu yeyote anayeahidi nafasi kabla hajamwona akiigiza. Mmoja anayejiita Bingwa wa Machozi akamshauri atembee na kipande cha kitunguu kwenye mkoba. Mwingine, sijui ana shida gani nyumbani kwao, akaandika: "Mama, uigizaji si wa kila mtu, wengine wabaki kututazama."

"Huyo mjibu," nikasema.

"Nimjibu nini? Ni kweli si wa kila mtu. Ni wangu."

Ndipo Mkuu wa Jukwaa akashuka. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu mke wangu aliyanakili kwenye karatasi akayabandika juu ya meza.

"Karibu, Kola. Uigizaji hujifunzi kwa kuuliza. Kila mwezi tunatoa kipande cha maandishi kwa niaba ya watayarishaji wanaotafuta sura mpya. Jipige video. Ukuta mtupu nyuma yako, dirisha mbele yako, simu usawa wa macho. Tafuta mtu wa kukusomea maneno ya mhusika wa pili. Akae nyuma ya simu, asionekane. Msomaji asiigize. Asome kama anayesoma bili ya maji. Neno lolote lisibadilishwe. Atakayebadili maandishi hataruhusiwa kutuma tena kwa miezi kumi na miwili."

Mke wangu akanichungulia chini ya sinki, uso wake umepinduka, nywele zinaning'inia.

"Mume wangu, bili za maji si unazijua?"

"Ndizo nilizosomea."

"Basi umepata kazi."

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea, kwa hiyo hajawahi kubisha hodi kwangu. Alifika wiki ileile, akakaa kwenye kiti changu.

"Nasikia mkeo anataka kutazamwa."

"Anataka kuigiza, dada."

"Si ndicho nilichosema?"

Mke wangu akatoka jikoni na chai. "Karibu wifi."

"Asante wifi. Chai nitakunywa, sina ugomvi na chai. Ila nikuulize. Siku wakikuambia umkumbatie mume wa mtu?"

"Nitamkumbatia kama ninavyokukumbatia wewe, wifi."

"Yaani vipi?"

"Kwa heshima, na bila hamu."

Dada akajizuia, akajizuia, chai ikamtoka puani. Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Lakini nilipomsindikiza alisimama kwenye kona, akashusha sauti ile aliyokuwa akiitumia nikiwa mtoto mgonjwa.

"Mdogo wangu, mkeo nampenda. Ila nikwambie. Mwanamke akishajua kulia kwa kuigiza, wewe utajuaje siku anayolia kweli?"

Maneno mengine ni kama uvujaji ndani ya ukuta. Huoni maji. Unakuja kuona rangi imebadilika.

Maandishi ya mwezi ule yalitoka Ijumaa. Kutuma ni Jumatatu tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Jumatatu mke wangu yuko kazini, na kiwandani kwao simu zinaachwa kwenye kisanduku cha mlinzi getini, unarudishiwa jioni. Kwa hiyo tukakubaliana: tupige Jumapili kwa simu yangu, nitume mimi kwa jina lake.

Jumapili asubuhi tukahamisha kabati kupata ukuta mtupu. Simu tukaisimamisha juu ya ngazi yangu ya kazi, tukaiegemeza kwenye kopo la gundi ya mabomba. Yeye alivaa gauni la bluu lisilo na kola. "Leo shingo yangu ipumzike," akasema.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mume anamfukuza mke. Basi. Mume ana mistari minane hivi, mke ana mingi. Tatizo langu la kwanza ni kusoma. Mimi husoma kwa kidole, neno moja moja, na nikikazana midomo inatangulia sauti. Mke wangu hakunicheka hata mara moja. Alikaa nami kitandani tukayapitia kama watoto wa darasa moja, na nilipokwama aligusa tu goti langu, hakunitajia.

Tatizo la pili halikuwa kusoma.

"Haya," akasema, akasimama mbele ya ukuta. "Anza."

Nikaanza. "'Umerudi.'"

"'Nimerudi. Ulifikiri nimekwenda wapi?'"

"'Siku... sikuwa...'" Nikaona neno linalofuata. Nikakohoa. "Ngoja, karatasi imekunjamana."

Tukaanza tena. Nikafika palepale, nikaomba maji. Mara ya tatu nikasema jirani anapiga kelele. Jirani hakuwepo.

"Mume wangu. Soma mstari huo."

"Nimeuona."

"Umeuona, sasa usome."

Mstari ulikuwa hivi: *Sikuwahi kukupenda. Hata siku ile ya kwanza. Chukua vitu vyako uende.*

Miaka minane nimekaa na mwanamke huyu. Siku ile ya kwanza nilikwenda kiwandani kwao kuziba bomba la bafu, nikaliziba kwa dakika kumi, nikakaa pale saa nne nikijifanya bado linavuja, kwa sababu yeye alikuwa anapita kuchota maji ya kunywa. Leo nimwambie hata siku ile?

Mara ya nne nikavuta pumzi, nikasoma: "'Sikuwahi... kukuchoka. Hata siku ile ya kwanza. Chukua mwavuli uende, mvua inakuja.'"

Alinitazama. Akaziba mdomo. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kuinama, mkono mmoja kwenye ukuta, machozi ya kicheko yanamtoka, na katikati ya kicheko akajikaza akasema maneno yake ya kwenye karatasi, yakatoka matamu, yenye mapenzi ndani, kama wanavyosema watu wanaopendana wakitaniana. Alikuwa mzuri, jamani. Dirisha lilikuwa limemwaga mwanga wote kwake.

Alipotulia alikuja akaninyang'anya karatasi, akaninyooshea mikunjo, akanirudishia.

"Nimecheka vya kutosha. Sasa soma ilivyoandikwa."

"Kwa nini wasingeandika mambo mazuri?"

"Mambo mazuri ninayo bure, kila siku. Nisikilize. Hii si nafasi yako, ni yangu. Ukinipenda, niambie hunipendi. Mara moja tu. Kama bili ya maji."

Akarudi ukutani. Nikaweka kidole kwenye mstari. Nikausoma wote, bila kukwama, bila kupanda wala kushuka.

"'Sikuwahi kukupenda. Hata siku ile ya kwanza. Chukua vitu vyako uende.'"

Na mke wangu akaniamini. Niliona. Uso wake haukukunjamana kama wanavyofanya kwenye tamthilia. Ulitulia tu, ukashuka, kama mtu aliyepokea habari aliyokuwa akiihofia siku nyingi. Chozi moja likatoka lenyewe, hata hakulijua.

"'Vitu vyangu ni vichache,'" akasema taratibu. "'Kimoja ni wewe, na wewe hubebeki.'"

Sikungoja chozi la pili. Niliweka karatasi juu ya ngazi nikatoka uani, nikafungua bomba, nikatia kichwa chote.

Baadaye akanikuta pale.

"Mbona umetoka?"

"Moshi."

"Moshi wa nini? Hatujapika."

"Nimeiharibu, eti?"

"Hujaiharibu. Nilimalizia peke yangu." Akanifuta maji usoni kwa kiganja chake. Kidole cha kati kilikuwa na kovu la sindano. "Kesho tuma ile ya mwisho. Umesikia? Ya mwisho. Ile ya mwavuli tutawaonyesha wajukuu."

"Ya mwisho," nikasema.

Jumatatu saa nne nilikuwa kwenye jengo la ghorofa, nimefunga maji ya watu, nikakaa kwenye ngazi kutuma. Video mbili zilikuwa zimekaa sambamba. Nikaifungua ya mwisho. Nikasikia sauti yangu inasema yale maneno, nikauona uso wake unashuka, na neno la dada likapanda ndani yangu: utajuaje? Nikaizima katikati. Sikuweza kuimaliza. Nikaifungua ile ya mwavuli, na mke wangu akacheka mkononi mwangu.

Nilijiambia, hii ndiyo nzuri. Hao wenye miwani myeusi si watu? Wakimwona anavyocheka si watampenda? Nilijiambia pia kwamba neno moja likibadilika dunia haipinduki. Hayo nilijiambia. Siku hizi nikiwa peke yangu nasema lingine. Niliona anaweza. Niliona kwamba wakimwona vile watamchukua, aende kuwa mtu kamili mbele ya watu wote, nami nibaki na ukuta mtupu.

Nikatuma ya mwavuli. Kisha nikawafungulia watu maji yao.

Jibu lilikuja Alhamisi. Mke wangu alilisoma jioni getini, alipopewa simu yake. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akaingia na viatu mkononi.

"Ulituma ipi?"

Nilikuwa nasafisha spana. Niliendelea kusafisha.

"Nimekuuliza, mume wangu. Ulituma ipi?"

"Ya mwavuli."

Akakaa chini, palepale mlangoni. Akanipa simu nisome mwenyewe, na akaningoja, kidole changu kikatambaa juu ya kioo: *Maandishi yamebadilishwa. Ombi la Kola limekataliwa. Zuio la miezi kumi na miwili linaanza leo. Kanuni ni kanuni.*

"Washenzi," nikasema. "Miezi kumi na miwili kwa mwavuli mmoja?"

"Usiwatukane. Waliandika, na tulisoma. Nataka kujua kwa nini."

"Ile nyingine ulikuwa unalia."

"Ndiyo kazi yenyewe!"

"Ulikuwa unalia kweli."

"Ulitaka nilie uongo?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonimaliza. "Miaka tisa nashona vitambaa walivyovikata wengine. Msimamizi anakata, mimi nashona. Nikadhani nyumbani yupo mtu mmoja asiyenikatia."

"Nilikuwa nakupenda," nikasema. Neno la kipumbavu. Nilikuwa!

"Najua unanipenda. Nani amekuuliza hilo? Nilikuomba kitu kidogo kuliko hicho."

Asubuhi akaenda kwa mama yake.

Wiki tatu. Nilijifunza kwamba nyumba isiyo na mtu wa kuongea peke yake ina kelele za mabomba. Nilimwandikia Mkuu wa Jukwaa, mimi na darasa langu la sita, nikatumia jioni mbili kuandika mistari mitatu: *Mkuu, kosa ni la msomaji. Yeye alisema sawa. Nizuieni mimi.* Akajibu siku hiyohiyo, mistari yake haikumchukua hata dakika: *Msomaji si mwombaji, hana haki ya kukata rufaa. Kanuni ni kanuni.* Tazama hapo. Nilikuwa na haki ya kumharibia, sikuwa na haki ya kumtengenezea.

Nilipokwenda kumfuata, mama mkwe alinipokea kwenye kizingiti, mikono ina unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda. Anayekutaka yuko ndani, na asiyekutaka yuko ndani. Ni mtu mmoja, sijui atatoka yupi."

Akatoka na begi tayari begani. Hakuniamkia. Tulitembea kama mita mia mbili, yeye mbele, mimi nyuma na begi nililolipokonya kwa nguvu. Kisha akasema bila kugeuka:

"Sijasahau."

"Najua."

"Lakini miezi nayo huisha. Mwakani nitatuma mwenyewe, na wewe utanisomea ilivyoandikwa, hata kama imeandikwa unichinje."

"Nitasoma."

"Apia."

Nikaapa, katikati ya barabara, watu wanapita. Akanisubiri, akaingiza mkono wake kwenye mkono wangu. Nyumbani akachora vijumba kumi na viwili kwenye ile karatasi ya Mkuu, akakitia wino cha kwanza.

Kifua kilimwanza kijumba cha tano. Aliomba apumzike, msimamizi akamwambia muhula unakaribia, watoto watakwenda shule bila kola? Kijumba cha saba alikuwa anakohoa mpaka anashika meza. Tulizunguka na vyeti kutoka benchi hili mpaka benchi lile, daktari mkubwa yuko kwenye kikao, daktari mkubwa hajafika, daktari mkubwa ametoka sasa hivi. Sijawahi kumwona huyo mkubwa mpaka leo. Walioushika mkono wa mke wangu ni wadogo, na hao nawashukuru.

Kijumba cha tisa alilazwa. Siku moja mchana, wodi ina jua, akanigusa goti kama alivyokuwa akifanya nikikwama.

"Unayo ile karatasi ya maandishi?"

Nilikuwa nayo. Tangu arudi kutoka kwa mama yake haikutoka mfukoni mwangu.

"Nisomee."

"Pumzika, mke wangu."

"Uliapa barabarani, watu walisikia."

Nikaifungua. Sikuwa na haja ya kidole tena, nilikuwa naijua yote. "'Umerudi,'" nikasema. Akajibu kwa pumzi. Tukaenda hivyo, taratibu, mgonjwa wa kitanda cha pili amegeuka anatusikiliza. Nikafika kwenye mstari. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka.

"Ilivyoandikwa."

"'Sikuwahi kukupenda,'" nikamsomea. "'Hata siku ile ya kwanza. Chukua vitu vyako uende.'"

Akafumba macho, na uso wake ukatulia vilevile, kama siku ya ukuta mtupu. "'Vitu vyangu ni vichache,'" akasema. "'Kimoja ni wewe...'"

Pumzi ikaishia hapo. Akanifungulia macho, akasubiri.

"'Na wewe hubebeki,'" nikammalizia.

Akatikisa kichwa kuonyesha ndiyo. Aliridhika, kama anayekagua mshono. Alifariki siku ya pili yake, asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Miezi mitatu baadaye simu yake ililia juu ya kabati. Sikuwa nimeizima, sijui nilikuwa nangoja nani. *Habari Kola! Zuio lako limekwisha. Kipande kipya kimetoka. Karibu tena.* Na picha ya ile miwani juu ya kiti.

Niliitupa kitandani. Kisha nikachukua simu yangu mwenyewe na, kwa mara ya kwanza, nikaifungua ile video ya mwisho nikaiacha iende. Nikasikia sauti yangu. Nikauona uso unashuka. Nikasikia karatasi inawekwa juu ya ngazi, na viatu vyangu vinatoka. Hapo ndipo nilipoizima siku ile. Safari hii sikuizima.

Mke wangu akabaki peke yake mbele ya simu. Akatazama mlango niliotokea. Akasita kidogo, kisha akarudisha macho mahali nilipokuwa nimekaa, pasipo na mtu, akaigiza mpaka mwisho, kila neno, na kila neno akakiambia kiti changu kitupu kana kwamba nimo. Nimeona wanaosifiwa. Hawamfikii.

Alipomaliza akafuta shavu kwa mgongo wa mkono. Kutoka uani linasikika bomba langu linamwaga maji.

"Kaenda kulia bombani," akaiambia simu, akacheka polepole. "Fundi mzima, analilia maneno ya karatasi. Haya. Hata wakinikataa, huyu aliyesema hanipendi nimemwona alivyotetemeka."

Akaja mbele, kidole chenye kovu kikaijaza picha yote, ikazimika.

Sikuituma. Waliweka miezi yao, wakae na miezi yao.

Siku hizi naingia kule jukwaani kwa jina lake, sipigi kelele, nasoma tu wageni wanavyouliza. Wanakuja kila siku, maskini, na maswali yaleyale, na Bingwa wa Machozi bado anauza kitunguu. Juzi binti mmoja aliandika: "Habarini. Mimi ni mgeni, kazi yangu ni kuosha magari. Nataka kutuma kipande cha mwezi huu lakini sina wa kunisomea isipokuwa mchumba wangu, naye anaona haya. Nifanyeje?"

Nikaandika, kidole kimoja: *Tafuta msomaji asiyekupenda.*

Akajibu haraka. "Mh! Dada Kola, umeumizwa wewe. Simpati asiyenipenda kwa leo, ninaye huyuhuyu."

Nikatazama jikoni. Ndoo aliyokuwa akiikalia iko palepale chini ya sinki, na sinki limeanza tena kuvuja.

*Basi mwambie asome ilivyoandikwa,* nikamwandikia, *hata ikimchoma. Na akisimama akatoka, wewe malizia. Ukimaliza, usizime simu haraka.*

"Kwa nini nisizime?"

Swali lake bado lipo pale. Kila nikianza kumjibu, herufi zinanikimbia.